Gari ya dizeli inapokataa mafuta ya kupikia: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Haya nayaandika kwa mtu ambaye gari yake imeshabadilishwa: ina matangi mawili, moja la dizeli la kuwashia na kuzimia, la pili la mafuta ya kupikia yanayopashwa moto kwa maji ya rejeta. Ilikwenda vizuri, sasa inasumbua. Nikisema "mafuta" nakusudia ya kupikia. Dizeli nitaiita dizeli.

Injini ya dizeli kula mafuta ya mimea si jambo jipya. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kisiwani Bougainville, watu walipozingirwa wakati wa vita vya miaka ya 1990, waliendesha magari kwa mafuta ya nazi waliyoyakamua wenyewe. Kwa hiyo gari ikikataa, usikimbilie kusema mafuta hayafai. Tazama yameingia kwenye pampu, ile inayoyasukuma kwenda kwenye nozeli za kunyunyizia, katika hali gani, kwani karibu kila tatizo hapa lina chanzo kimoja kati ya vitatu: yameingia ya baridi, yameingia machafu, au yameingia na maji.

Sisi wa visiwani tuna jambo la nne linaloyachochea yote hayo, nalo ni ufupi wa safari. Unguja yote, kaskazini hadi kusini, ni kilomita 85 hivi, na Pemba ni 67 hivi. Gari inayozunguka mjini baina ya Darajani, Amani na Mwanakwerekwe huzimwa kabla mafuta hayajapata moto wa kutosha. Lishike hilo, maana utalikuta nyuma ya dalili nyingi hapa chini.

Kabla hujashika spana

Irudishe gari kwenye dizeli, iendeshe kilomita kumi hivi, kisha uisikilize. Tatizo likiondoka, chanzo kiko upande wa mafuta: tangi lake, mipira yake, filta yake, kipasha joto chake, au mafuta yenyewe. Likibaki, chanzo kiko kwenye vitu vinavyotumiwa na pande zote mbili, yaani valvu ya kubadilishia, pampu, nozeli, hita plagi (plagi za kupasha silinda wakati wa kuwasha), au ni ugonjwa wa injini uliokuwapo tangu hapo. Hatua hii haigharimu kitu, lakini wengi huiruka wakaanza kufungua pampu. Pampu iwe ya mwisho kufunguliwa.

Aina ya injini nayo inasema mengi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ na Hiace za zamani zenye 2L, 3L au 5L huwashia mafuta kwenye chumba kidogo kabla hayajafika kwenye silinda, na hizo ndizo zinazovumilia zaidi. Canter na Isuzu nyingi za mizigo hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Zinakwenda, ila zinataka mafuta ya moto zaidi na nozeli zake hushika masizi mapema. Gari yenye komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), kama zile zenye injini za 1KD na 2KD, presha yake inapita bar 1,000 na nozeli zake zina matundu membamba sana. Hiyo usiitafutie dalili wala dawa. Ondoa tangi la pili, uirudishe kwenye dizeli. Pampu za chapa ya CAV nazo ni za kuogopa, kwani mafuta ya baridi yanaweza kuzivunja ndani.

Haiwaki asubuhi, au inawaka kwa moshi mweupe na kutetemeka

Swali la kwanza ni hili: jana ilizimwa ikiwa kwenye nini? Kama ilizimwa ikiwa bado inakula mafuta, jibu umeshalipata. Usiku kucha mafuta yamekaa kwenye pampu na kwenye nozeli, yamepoa, na sasa nozeli haziwezi kuyapuliza yakawa ukungu. Yanatoka kama matone, hayashiki moto, na moshi mweupe unaotoka kwenye ekzosi unanuka chipsi.

Kuna watu husema kwetu ni joto, hakuna haja ya kupasha. Si kweli. Katika nyuzijoto 40 mafuta ya kupikia ni mazito kama mara 10 kuliko dizeli, na asubuhi ya Unguja haifiki 40. Hata yakifika 80 bado ni mazito kuliko dizeli, ila hapo pampu na nozeli zinayamudu.

Mafuta ya nazi yana jambo lake. Huganda kwenye nyuzijoto 24 au 25. Kaskazi huioni shida, lakini usiku wa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma, joto hushuka chini ya hapo na utakuta mpira mzima umejaa kitu cheupe kigumu. Ya mawese ambayo hayakuchujwa ile sehemu nzito huganda hata mchana. Mafuta ya kupikia ya mawese yanayouzwa madukani yamekwisha chujwa, kwa hiyo hubaki majimaji katika hali ya hewa yetu, ingawa chini ya dumu utaona utando wa mashapo.

Dawa ni kurudisha dizeli mapema kabla ya kuzima. Dakika tatu hadi tano za mwendo zinatosha kwa magari mengi, lakini hutegemea ukubwa wa filta na urefu wa mipira baina ya valvu na pampu. Anayetoka Nungwi kuja mjini akibadilisha akifika Mtoni, karibu na mjini, atafika njia ikiwa safi. Kama dereva husahau, fungeni king'ora kidogo kinacholia ufunguo ukizimwa huku swichi iko kwenye mafuta. Ni waya na riley (swichi ya umeme) tu.

Ikiwa dereva anaapa kwamba alirudisha dizeli, na bado asubuhi haiwaki, angalia valvu ya kubadilishia. Hewa yetu ya chumvi hula haraka vichwa vya nyaya, na valvu hubaki imekwama katikati, ikichanganya pande mbili. Dalili yake ni kwamba kiwango cha tangi la dizeli kinapanda bila kujazwa, au dizeli yake inanuka bajia. Toa dizeli kidogo kwenye chupa nyeupe uinuse. Baada ya hapo ndipo upime hita plagi moja moja. Plagi moja mbovu ambayo kwa dizeli hukuijua, kwa mabaki ya mafuta utaijua.

Inakata nguvu ikipanda, au inazima njiani kisha inawaka tena

Ni filta imeziba au ni hewa inaingia. Namna ya kuzitenganisha ni rahisi: weka kipande cha mpira unaoona ndani kabla ya pampu. Ukiona mapovu, ni hewa. Usipoyaona na gari bado inanyong'onyea, ni filta au ni uzito wa mafuta.

Hewa huwashangaza watu kwa sababu kwa dizeli gari haikuwa na uvujaji wowote. Mafuta mazito yanataka kuvutwa kwa nguvu zaidi, hivyo kiungo ambacho dizeli ilikipita salama sasa kinanyonya upepo. Na huwezi kukiona kwa kutafuta unyevu, maana hapo hakitoi kitu nje, kinaingiza. Kaza klipu zote, badilisha mipira iliyopasuka ncha, na kama mpira kutoka tangini una upana wa ndani wa milimita 8, weka wa 10 au 12. Magari mengine yamefungwa hivi kwamba mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli yanarudishwa kwenye pampu badala ya tangini. Hapo hewa ikiingia haina pa kutokea, inazunguka humo humo. Ukikuta mapovu yasiyoisha kwenye gari ya namna hiyo, rudisha mkondo huo tangini.

Filta nayo, ifungue uitazame. Usiitupe kabla ya kuisoma. Ukikuta unga na chembe nyeusi, mafuta hayakuchujwa vya kutosha. Ukikuta mafuta meupe yaliyoganda, filta haipati joto. Isogeze karibu na injini au izungushie mpira wa maji moto. Ukikuta kitu laini chenye utelezi kama sabuni, shuku tangi au bomba la bati lenye zinki: asidi iliyomo kwenye mafuta yaliyotumika huungana na zinki ikafanya sabuni ya kweli. Tangi liwe la chuma cha pua, alumini au plastiki ngumu. Shaba pia iepuke, kwani huharakisha mafuta kuharibika. Ukikuta maji chini ya bakuli la filta, rudi nyuma kabisa, kwenye dumu ulilochotea.

Mafuta yenyewe: ulikoyatoa na ulivyoyapima

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nusu ya magonjwa ya magari haya hutengenezwa jikoni.

Mafuta ya hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Paje kwa kawaida huwa bora kuliko ya karai la barabarani, kwa sababu jiko la hoteli hubadilisha mafuta mapema. Ya bajia, badia na kachori za urojo huja na unga mwingi, lakini unga hutulia chini ukiyapa muda. Yaliyokaangiwa samaki na pweza huja na maji na chumvi, na hivyo viwili ndivyo vinavyokula pampu kwa kutu. Yaliyokaangwa hadi yakawa meusi na mazito, yakanata vidoleni, yaache hata ukipewa bure.

Yaweke kwenye pipa la plastiki juani, wiki mbili au tatu bila kuyatikisa. Chota juu, ya chini kabisa usiyaguse. Kisha yapitishe kwenye filta ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), halafu ya mikroni 1. Baada ya hapo pima mara mbili.

Kipimo cha maji: pasha kikaango mpaka kiwe moto sana, mimina kijiko kimoja. Yakikaa kimya, ni makavu. Yakipasuka-pasuka au kutoa vipovu, yana maji, yarudishe juani. Viwango vya Ujerumani vya mafuta ya mbegu za rapa kwa injini, DIN 51605, haviruhusu maji kuzidi asilimia 0.075, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho.

Kipimo cha asidi kinataka vitu vichache, na kimoja kimejaa mashambani kwetu. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda ya watengeneza sabuni kwenye lita 1 ya maji yaliyosafishwa yanayoongezwa kwenye betri. Hakikisha si yale ya asidi. Loweka manjano ya unga kwenye spiriti ya isopropili, uchuje. Kwenye kikombe kidogo weka mililita 10 za spiriti, matone machache ya maji ya manjano, na mililita 1 kamili ya mafuta, ukoroge. Sasa kwa bomba la sindano dondosha maji ya kostiki tone kwa tone. Manjano yatageuka mekundu. Yakibaki mekundu kwa nusu dakika, simama usome umetumia mililita ngapi. Kiwango kile cha Ujerumani kinaruhusu asidi ambayo kwa kipimo hiki ni kama mililita 1.3. Yaliyotumika mara nyingi huzidi hapo. Mimi nayakataa yakifika 3. Vaa glavu na miwani, kostiki inaunguza, na usiiache watoto wanapoweza kufika.

Mafuta mapya ya nazi ndiyo mazuri kuliko yote kwa injini, lakini kuyamwaga kwenye tangi wakati nazi inatakiwa chunguni siungi mkono. Tuchome yaliyokwisha kukaangia.

Mafuta hayapati moto

Ukishika mpira wa mafuta baada ya nusu saa ya mwendo, unapaswa kuuachia kwa moto. Kama unaushika tu bila taabu, tatizo liko kwenye maji ya rejeta.

Na kwa magari yetu chanzo kikubwa ni themostati iliyotolewa. Gari ikichemsha mara moja, fundi anaing'oa themostati na kuitupa, na mwenye gari anashukuru kwa sababu haichemshi tena. Kwa dizeli utaishi hivyo miaka, ingawa injini inaumia polepole. Kwa mafuta ya kupikia huwezi. Bila themostati maji hupita moja kwa moja kwenye rejeta, na barabarani kwenye upepo injini haifiki nyuzijoto 80 hata ukienda Makunduchi. Mafuta hayapati joto, nozeli zinashika masizi, na kila dalili iliyotajwa humu itakujia kwa zamu. Nunua themostati, irudishe mahali pake, na kama gari ilikuwa inachemsha tafuta sababu yake: rejeta iliyoziba, mfuniko mbovu, feni, au gasketi ya silinda hedi.

Nimeona watu wakiongeza kipasha joto cha pili cha umeme wakati kosa ni themostati peke yake. Anza nayo.

Kama themostati ipo na ni nzima, toa hewa kwenye mipira ya maji inayokwenda tangini. Tangi likiwa juu kuliko rejeta hewa hukaa humo, maji hayazunguki.

Injini inagonga, inamisi ikiwa imesimama, imeanza kula zaidi

Hizi ni nozeli. Mafuta yasiyoungua vizuri huacha masizi magumu kwenye ncha, mnyunyizo unapinda, silinda moja inabaki nyuma. Gari zinazosimama muda mrefu zikiwa zinawaka, kama zinazosubiri abiria, ndizo zinazoathirika kwanza: injini isiyo na mzigo haina joto ndani. Ukisimama zaidi ya dakika chache, rudisha dizeli.

Ikiwa ndiyo inaanza, ipeleke safari ndefu yenye mzigo kwa dizeli. Masizi mepesi huungua. Ikiendelea, toa nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia zionekane zinavyonyunyiza. Usizikwangue ncha kwa waya wa chuma.

Moshi mweusi hapa ni nozeli au filta ya hewa. Wa buluu ni oili, nao unatupeleka kwenye jambo zito kuliko yote.

Oili inapanda kwenye kijiti, au inakuwa nzito

Hii ndiyo inayoua injini, na inakuja kimya. Matone yasiyoungua hushika ukuta wa silinda, yakapita kwenye ringi hadi chini kwenye oili. Dizeli ikivuja hivyo, sehemu yake huvukiza. Mafuta ya kupikia hayavukizi. Yanabaki, yanaongezeka, na kwa joto na hewa yanaanza kushikana. Ule ulimbo unaoganda ukingoni mwa karai la kukaangia ndio unaotengenezeka ndani ya injini yako.

Dalili ya kwanza ni oili kupanda kwenye kijiti bila kuongezwa. Ya pili, oili ikivutwa baina ya vidole inatoa nyuzi. Ya tatu ni taa ya presha ya oili, na ikifika hapo zima papo hapo, usisogee hata hadi gereji.

Aina ya mafuta inaamua kasi ya jambo hili. Wataalamu hupima kwa namba ya iodini: kadiri ilivyo kubwa, ndivyo mafuta yanavyoganda upesi yakiwa ulimbo. Nazi iko kama 10, mawese yaliyochujwa kwenye 60 hivi, alizeti hupita 120. Kwa hiyo mwenye kupata ya alizeti ya kutoka bara aichunguze oili yake mara nyingi kuliko mwenye ya mawese.

Oili ikiwa imepanda tu, imwage ingali moto, badilisha filta, weka mpya, tembea kwa dizeli siku chache, umwage tena. Ikiwa imeshakuwa uji, kumwaga hakutoshi. Fungua bakuli la oili chini ya injini, safisha na chujio la kunyonyea, maana hilo likiziba oili mpya haitapanda. Kisha pima kompresheni. Ringi zilizoganda ndizo mlango wa yote haya.

Kwa gari inayotumia mafuta, badilisha oili kwa nusu ya kilomita ulizozoea, na kijiti kitazamwe kila asubuhi.

Mipira inalainika au inavimba

Mpira wa asili na mipira ya bei rahisi haidumu. Tumia inayostahimili mafuta na joto. Sili za Viton, aina ya mpira wa kiwandani, ndizo za kuaminika. Pampu kuukuu ikianza kuvuja muda mfupi baada ya kubadilishwa, mara nyingi sili zake zilikuwa zimeshakauka.

Kila kitu ni kizima na bado inasumbua

Basi hesabu safari zako. Kama nyingi ni za chini ya nusu saa, gari haina kosa, haipati nafasi ya kupata moto. Iache kwenye dizeli, na mafuta unayokusanya umpe mwenye gari ya Nungwi, Makunduchi, au inayotoka Chake Chake kwenda Konde. Njia nyingine ni kuyageuza kuwa biodizeli kwa methanoli na kostiki, ambayo ni nyepesi karibu sawa na dizeli na haihitaji tangi la pili. Ila methanoli ni sumu, mvuke wake unawaka, na haifai kuchezewa jikoni. Inataka banda la wazi, mbali na moto. Na biodizeli hiyo hulegeza uchafu wa miaka uliogandamana kwenye tangi la zamani, kwa hiyo weka filta mbili za akiba chini ya kiti kabla ya kujaza kwa mara ya kwanza.